Cheti cha Nasaba

Alinipigia saa saba mchana, saa ambayo kule Ilazo
hata kuku hujibanza ukutani
kugombea kivuli cha upana wa kiganja.
"Daktari, mtoto hapumui vizuri."
Mimi si daktari. Nina diploma ya mifugo,
pikipiki, na kijokofu cha chanjo kinachovuja.
Nikaenda.

Sebuleni feni tatu zinapuliza,
na katikati ya sakafu, juu ya taulo lililoloweshwa,
furushi la manyoya meupe na kijivu,
macho ya buluu kama moto wa gesi.
"Haski," akasema Orhan, mhandisi wa reli. "Safi. Hajachanganywa."
Kasafirishwa kwa basi kutoka Arusha
ndani ya boksi la televisheni,
matundu yametobolewa kwa bisibisi.
Bei aliitaja kwa sauti ndogo,
kama mtu anayetaja ugonjwa.
Kwa hela hiyo baba yangu kule Mvumi
angeswaga ng'ombe watatu nyumbani
na posa ya kaka ingesogea.

Kisha akanionesha cheti.
Karatasi nzito, muhuri wa dhahabu,
vizazi vitano vimepangwa,
kila babu na jina refu kama mabehewa.
Nikajihesabu kimoyomoyo:
Nyemo wa Chilewa wa Masinga wa...
nikakwama.
Mbwa anahema, ulimi nje,
amenipita kwa mababu wawili.

Nikamwambia: usimnyoe.
Hayo manyoya ni blanketi, lakini pia ni paa.
Mtembeze alfajiri, kabla lami haijakasirika.
Kupe watafute ndani ya masikio.
Na zile pale (nikanyoosha kidole dirishani,
mzabibu wa mwenye nyumba umetambaa hadi barazani,
vichala vinaning'inia) asionje hata punje.
Zabibu huua figo za mbwa.
Akacheka. "Dodoma nzima ni zabibu!"
"Ndiyo maana nakwambia."

Nikamuuliza, nikifunika sindano: kwa nini huyu?
Akatafuta kwenye simu picha ya zamani:
mtoto wa kiume, Erzurum, theluji hadi magotini,
kofia imemshukia puani.
"Nilitaka nyumbani kuwe na kitu
kinachoikumbuka baridi."

Nikamtazama yule mbwa.
Kazaliwa Njiro, nyuma ya duka la vipuri.
Ana miezi miwili duniani
na tayari anadaiwa kumbukumbu.

Mwezi wa kumi na moja akanipigia tena.
Mawingu yalikuwa yanakuja kuchungulia na kuondoka.
"Njoo uone. Ameharibika."

Mlinzi wake, Ndahani, ana mbwa koko,
sikio moja limechanika, mbavu zinahesabika.
Jina lake ni Wewe,
maana ndivyo anavyoitwa: Wewe, toka! Wewe, njoo ule!
Wewe hana cheti.
Ila anajua mahali ambapo simtanki hudondosha maji,
anajua kuchimba hadi tumbo la ardhi,
pale udongo unapoacha kuunguza.
Na hicho alichokijua, hakukificha.

Nikawakuta shimoni wote wawili,
mgongo kwa mgongo, wamelala fofofo.
Nyasi za Orhan zimefukuliwa, waridi chali.
Nikamtafuta yule mweupe, simwoni:
kuna wekundu wawili tu,
mmoja ana macho ya buluu.

Orhan alisimama muda mrefu.
Kisha akachuchumaa, shati lake la ofisini limelowa mgongoni,
akaingiza mkono shimoni hadi kwenye kiwiko.
Akautuliza humo.
Hakusema kitu, nami sikumuuliza.

Nikatoa kadi ya chanjo.
Ile ya kwanza, akasema, imetafunwa.
"Jina?" nikauliza,
nikisubiri mabehewa yapite.
Ndahani, kule getini, akakohoa.
Orhan, mkono bado umo ardhini:
"Andika Wewe wa Pili."

Nikaandika.
Nikamtoza elfu kumi na tano,
na yule wa kwanza nikamchoma bure.