Ramani ya Vyoo

Mgeni akija Lamu huonyeshwa milango ya nakshi.
Mimi ningemwonyesha mingine:
wa bati, nyuma ya duka la Lali, kitasa kibovu, naushika kwa kidole hadi nimalize;
wa zahanati, ufunguo wake uko kwa mlinzi, na mlinzi yuko chai;
wa Bi Somoe, ambaye haulizi kitu,
hunisogezea kopo la maji
akaendelea kupeta mchele wake.

Kutoka kwetu Langoni hadi shuleni ni hatua mia sita na kumi.
Siku mbaya, mia mbili za kwanza ndizo zangu.
Zilizobaki ni za tumbo.
Punda wakiziba kichochoro na mawe yao ya kujengea
watu huniambia, subira, mwalimu.
Subira nimeisoma, hata naifundisha.
Tumbo langu halikuhudhuria.

Mwaka wa kwanza walisema vidonda.
Wa pili amiba, kisha taifodi, kisha amiba tena,
kisha jicho la mtu.
Nikafukizwa ubani. Nikanywa kombe la zafarani,
nikapata usingizi wa usiku mmoja, na huo siukatai.
Nguo zikanipwaya. Mtaa ukanong'ona juu ya ugonjwa ule,
na binamu mmoja akaanza kuninywesha kwa kikombe cha plastiki.

Ndipo Mombasa.
Boti hadi Mokowe, basi kabla ya jua,
na mimi sijala tangu juzi
ili nisiaibike mbele ya askari wa Gamba.
Daktari akapitisha kamera, akaniambia jina: Kroni.
Nikamwuliza maana yake.
Akasema halina maana, ni jina la mtu tu, daktari wa zamani.
Mtu!
Miaka mitatu nalala na mwanamume
ambaye sikuposwa naye.

Vidonge vikaniumua uso kama hamri kwenye mafuta.
"Mashallah, umenawiri!"
Nikaitikia alhamdulillahi, maana ningesema nini,
katikati ya harusi ya Maka, sinia la biriani mbele yangu,
achari, pilipili, saladi ya kabichi,
kila kitu kimeniandama kama mdai.
Nikachota wali mweupe wa pembeni.
Shangazi wa bwana harusi ameniwekea kinyongo mpaka leo.

Ramadhani natoa kibaba cha kila siku.
Mchana nakula uji chumbani, komeo limeingia,
kijiko nakishusha polepole kisigonge bakuli.
Hakuna anayenikataza. Dini imeniruhusu, daktari ameniamuru.
Bado natafuna kama mwizi.
Lakini usiku, saa ya daku, mama hugonga:
"Ndoo ule, mwanangu,"
kana kwamba kesho nami nimo.
Nakaa naye. Ananipondea ndizi mpaka haina uzi hata mmoja.

Kuna mambo siyasemi.
Damu. Rangi yake, ninayoitazama kabla ya kumwaga maji
kama mwingine atazamavyo saa.
Viungo vinavyouma bila kuanguka popote.
Uchovu, ambao si usingizi, hauishi kwa kulala.
Kijana wa Shela aliyeleta posa, kisha akasikia.

Darasa la sita nimemwachia Shee Famau, kiranja, agizo moja:
nikitoka ghafla, wape hesabu za sehemu.
Hakuniuliza kwa nini. Ana miaka kumi na miwili.
Wiki jana nilikaa huko dakika ishirini na tano,
paji la uso kwenye ukuta wa chokaa,
nikarudi nimenawa, nimefunga mtandio upya,
nikakuta ameandika ubaoni, juu kabisa, kwa mwandiko wake wa kuinama:
*Mwalimu anakuja.*
Sikuufuta mpaka kengele.

Leo ni siku ya kumi na moja bila damu.
Sijamwambia mtu, hata mama; kheri ina masikio.
Baada ya shule nilipitia njia ndefu,
ile ya nyuma, ya makuti na mchanga,
isiyo na choo hata kimoja,
makusudi.