Koti la Mama Subilaga

Duka letu liko njia ya kushukia Mwanjelwa.
Mlango wa kioo, na nyuma yake nguzo mbili nyeupe
zilizokuja kwenye boksi na kijitabu cha Kichina.
Kazi yao kulia mwizi akipita.
Kazi yangu kusimama zinapolia.

Mwezi wa kwanza zililia mara arobaini kwa siku;
nilichora vijiti nyuma ya daftari la zamu.
Zilimlilia padri.
Zilimlilia mtoto na pipi yake iliyolipiwa.
Zililia saa saba mchana, mlangoni hakuna mtu,
upepo wa Loleza tu umesukuma kioo.
Mwizi nilimkamata mmoja, tena kwa macho:
kopo tatu za maziwa kwapani,
na nguzo kimya, kama zina mgawo wao.

Halafu Julai. Baridi ile ya asubuhi
ambayo mtu akisalimia, salamu inatoka na moshi.
Mama Subilaga wa Iwambi akaja na koti refu la mtumba,
la kijivu, vifungo vya mfupa,
akanunua mche wa sabuni na chumvi, akalipa,
akapiga hatua moja kati ya nguzo.

Zikalia.
Akarudi nyuma. Zikalia.
Nikasema, samahani mama, mfuko.
Sabuni. Chumvi. Risiti.
Kwenye foleni mtu akasema, wala hakunong'ona,
lisemwalo lipo.
Akavua koti mbele yao wote,
na blauzi ya ndani ilikuwa imechanika begani.
Akalitazama lile koti
kama mtoto aliyetukana wageni.

Tulikipata jioni, mimi na fundi Ambwene,
ndani ya mshono, chini ya bitana:
kijikaratasi kigumu, ukubwa wa stempu,
na waya mwembamba umejikunja ndani kama konokono.
Duka la mbali lilikishona humo, likasahau.
Koti likavaliwa kwenye theluji na mtu nisiyemjua,
likafungwa belo, likavuka maji,
likapanda Kitonga juu ya lori,
likauzwa Sido elfu nane,
na muda wote huo linajitaja kuwa la wizi.

Ambwene akasema, lango si kichaa.
Linasikia hata lisichoulizwa.
Akaanza. Rafu ya sufuria tukaiburuta
kutoka ubavuni mwa nguzo hadi kwenye mikeka.
Mashine ya kusagia nyama ilikuwa inakula umeme
soketi moja na nguzo; akazitenganisha.
Akamwonyesha Tusekile wa kaunta
namna ya kulaza bidhaa juu ya kibao cha kufutia,
kuilaza, siyo kupunga kama anayefukuza nzi.
Kisha bisibisi: robo mzunguko, pita.
Robo tena, pita.
Nikapita mikono mitupu. Na mkanda. Bila mkanda.
Na funguo za bohari.
Na sabuni ya dukani chini ya shati;
usiku ule nililiibia duka mara sitini,
mara ya sitini wakanikamata vizuri.

Sasa zinalia mara mbili kwa siku, siku nyingine hazilii.
Zikilia sianzi na mfuko. Naanza na salamu,
halafu koti.
Msumarini kwangu vimening'inia vijikaratasi kumi na saba.

Agosti Mama Subilaga hakuja.
Nilimwona ng'ambo ya barabara
akinunua sabuni kwenye genge, kipande kidogo, bei kubwa,
nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

Septemba akaingia, bila koti.
Wakati wa kutoka akasimama mbele ya nguzo,
akafungua viganja vyote viwili,
akazionyesha.
Kimya.
Hakuniangalia.

Jumamosi yake akarudi na kiroba kichwani,
akakitua miguuni pangu.
Makoti manne, ya majirani,
moja la mtoto, lina kofia yenye manyoya.
"Si wewe daktari wa makoti?
Haya, kagua,
kabla hayajaanza na yenyewe kutusema."

Nikavuta stuli. Nikatafuta mkasi.