Jibu: Jibu: Lango

Jumamosi ndiyo siku ya maji hapa Ngara.
Saa tatu bomba linakohoa, matone yanapiga ngoma ndani ya ndoo,
nami niko mezani na kompyuta aliyoniachia mpwa wangu,
barua pepe elfu sita mia nne na kumi na mbili
hazijasomwa.

Nimejiapiza: leo.

Chai huchujwa. Tunachokitaka hupita,
majani hubaki yakidondoka kwenye kichujio.
Unga huchekechwa, mchele hupepetwa upepo uchukue wishwa,
mboga huchambuliwa jani kwa jani, na anayechambua
sharti awe na mchana mzima na mtu wa kupiga naye soga.
Barua je?
Sijui kitenzi chake.

Naanza na wafuga nyuki. (Sina mzinga.
Nilijiandikisha mwaka ule niliotaka kuwa mtu mwingine.)
Kisha wale tuliosoma nao, wanaochangisha
harusi, jeneza, harusi, paa la bweni.
Kila kundi nalipa folda, kila folda sheria:
ikiwa imetoka kwa fulani, ipelekwe kule;
ikiwa ina neno fulani, ipelekwe kule.
Ikiwa, basi. Ikiwa, basi.
Nani angejua utawala una utamu huu?
Zinajipanga zenyewe, hata askari hahitajiki.

Linabaki kundi la wakazi wa jengo letu,
na lango.
Miezi minne ya lango. Lipakwe rangi gani,
komeo alivunja nani, funguo ziwe ngapi,
mlinzi anasinzia au anasali.
Na Bwana Kilungya wa ghorofa ya tano
anayewajibu wote, kwa kila jambo, neno moja:
Asante.
Nimehesabu. Mara arobaini.

Sheria hii niliiandika Mei, nikiwa na hasira:
ikiwa kichwa kina "Lango", isipite machoni pangu.
Ilitii.
Mia tatu na tisa zimelala humo gizani.

Nilikuwa nazifuta. Kidole kilishazoea.
Kati ya bei ya kufuli na bei nyingine ya kufuli,
kichwa kilekile, Jibu: Jibu: Lango,
Bi Perpetua Awino, nyumba namba 14:

"Samahanini nyote. Sijui kuanzisha barua mpya.
Je, kuna mwenye kiti cha magurudumu kisichotumika?
Ni cha mzee wangu. Hata kibovu, Obura atakitengeneza."

Tarehe kumi na tisa Juni.
Leo ni Agosti.
Chini yake mtu anauliza kama kufuli lina waranti.

Nimewapisha ngazini wiki hizi zote,
Obura kambeba babake mgongoni, anapapasa kila kidato kwa unyayo,
mimi nimejibana ukutani na mfuko wangu wa nyanya,
nikisema poleni, poleni,
kwa sauti ya mtu asiye na habari.

Na nyuma yangu hapa, tangu tulipomzika mama,
kiti chake kimebeba nguo za kupigwa pasi.

Ndoo imefurika. Maji yanatambaa kuelekea waya.
Nafunga bomba, napangusa mikono kwenye leso,
najaribu kurekebisha sheria:
ikiwa ni Awino, iache ipite.
Halafu? Na atakayekuja kesho, jina nisilolijua,
naye kapitia lango la mwingine
kwa kuwa ndilo aliloliona wazi?

Nimeandika. Mara yangu ya kwanza tangu nihamie,
chini ya Jibu: Jibu: Jibu: Lango:
"Bi Awino, kipo kwangu. Breki ya kushoto inakwama.
Nakishusha sasa hivi."

Kabla sijaondoa shati la mwisho kitini
kompyuta imelia.
Kilungya.
Asante.

Hiyo nimeiacha juu.