Maelezo ya Bajeti, Ukurasa wa Nne

Mmenirudishia fomu mara ya pili.
Pembeni, kwa wino mwekundu, mtu asiyejitaja ameuliza:
"Shahada ya uzamivu katika taaluma za Kichina,
kwa nini Mbeya? Nyaraka ziko Beijing.
Tiketi ya ndege tungeielewa."

Sawa. Nafafanua tena.

Nauli, Dodoma hadi Uyole, safari sita, basi la kawaida.
Ndege haimo kwa sababu mzee ninayemfuata
hapandi ndege, hapandi hata ngazi ya kanisa;
baruti ilimla sikio la kushoto akiwa kijana
na goti likafuata baadaye, polepole, kama deni.

Sukari kilo nne. Majani ya chai. Mkate.
Mmeandika: "Hizi si gharama za utafiti."
Waheshimiwa, njooni Uyole mwezi wa saba.
Baridi inashuka mlimani saa kumi tu ya jioni,
na sijaona bado mtu anayekumbuka vizuri
midomo ikiwa imekauka.

Kinasa sauti, kimoja. Betri, nyingi.
Kamusi siombi, ninayo:
mama aliuza magunia matatu ya mpunga,
akaifungua katikati, akainusa,
akauliza, "Sasa haya ni maandishi
au ni nyayo za kuku?"

Hapa msiruke. Hapa ndipo ulipo utafiti wenyewe.

Mzee Anyosisye Mwasumbi ana kikombe cha bati,
cheupe, kimebanduka ukingoni,
alichopewa handakini, huko Mlimba, siku mlima ulipotoboka.
Kina herufi mbili. Ya kwanza ni paa,
na chini ya paa amekaa mwanamke.
Kila baruti ilipokaribia kulia, anasimulia,
Wachina walipaza sauti: Anchweni! Anchweni!
"Nikajua huyo ndiye mkubwa wao.
Na ni mtu mzito, maana akiitwa
sote tunalala chini, hata wao."
Hakumwona hata siku moja.
Alimheshimu miaka miwili,
na mtoto wake wa kwanza akampa jina hilo.

Anchweni Mwasumbi ni fundi pampu, Mwanjelwa.
Ana miaka hamsini na moja, mapacha, na kesi ya kiwanja.
Kwa Kichina jina lake ni "usalama".
Mimi nililiona siku ya kwanza, nikanyamaza.
Nilitaka nimwambie mzee awamu ya pili,
kinasa kimewashwa, chai iko mezani,
kama mbinu za utafiti zinavyoelekeza.

Awamu ya pili ndiyo hii mliyoirudisha.

Kwa hiyo naomba kurekebisha.
Futeni mahojiano namba moja. Tulimzika Juni.
Ongezeni fungu ambalo fomu yenu haina: rambirambi,
shilingi elfu thelathini, kutoka mfukoni mwangu.
Mtataka risiti. Sina.
Jina langu limo katika daftari la msiba,
mstari wa arobaini na tatu,
kati ya Jumuiya ya Akina Mama na mwenye duka la mbolea.

Nilimwambia Anchweni siku ya tatu,
wakati wanaume wanafungua maturubai.
Mama yake alikuwa ndani, amekaa chini ya bati,
kikombe kipo magotini, hakina kitu.
Fundi alilirudia jina lake mara mbili, taratibu,
kama mtu anayejaribu nati asiyoiamini.
"Usalama," akasema. "Na nimeanguka kisimani mara tatu."
Akacheka. Kisha hakucheka.
Kisha akaniuliza, na swali hili
nililiandika nyuma ya ratiba ya mazishi,
na nawaletea kama lilivyo, kwa kuwa mnataka swali kuu
lisilozidi maneno kumi:

"Sasa yule mkubwa wao, mwenyewe, aliitwa nani?"

Sijui, waheshimiwa.
Naomba miezi mitatu zaidi.
Na sukari, ile ile, kilo nne.