Kichwa cha Bwana Ligola

Mkungu wa uani umeiva majani, si matunda.
Mekundu, mapana kama sahani, yanadondoka usiku kucha;
asubuhi nafagia, jioni kama sikufagia.
Bibi Sikudhani hakuwa na haja ya kalenda.
Mkungu ukipukutika, alisema, ulizieni bei ya chokaa.
Vuli haipigi hodi.

Basi tumeanza.
Chokaa ya mawe imelala kwenye pipa tangu juzi,
imechemka yenyewe, imetulia, imekuwa mtindi.
Chumvi vibaba viwili ili ishike,
nili ya kufulia, kidogo tu, ili weupe uwe na ubaridi.
Fundi Ngwale anacheka: dada, siku hizi kuna rangi za ndoo,
unapaka asubuhi, mchana unahamia.
Namwambia ukuta huu ni wa miti na udongo,
ukiuvisha plastiki unatoka jasho kwa ndani,
unaoza kimya kimya
kama mtu asiyesema shida zake.

Boriti tumezipaka oili chafu, mchwa wanune.
Bati la upande wa kusini limeoza mstari mmoja, ulionyooka,
pale kiyoyozi cha ghorofa ya jirani
kinapodondosha tone, tone, mwaka wa nne huu.
Nilipanda ngazi zao hadi ya saba kulalamika.
Nikapewa soda.
Tumeziba kwa lami na kipande cha debe.
Na dalali amepita tena; anauliza ukubwa wa kiwanja,
hajawahi kuuliza vyumba vingapi.

Mlango nimeusugua mwenyewe kwa msasa.
Chini ya kahawia kuna kijani, chini ya kijani buluu,
chini ya buluu mninga wenyewe,
unanukia kana kwamba umepasuliwa jana.
Nikaketi kidogo kizingitini.
Sikuwa nimechoka.

Imebaki baraza.
Ukutani, kimo cha mtu aliyekaa,
lipo doa la mviringo, jeusi, la mafuta ya nazi.
Ni kichwa cha Bwana Ligola,
mpangaji wa chumba cha tatu, mtu wa reli, kwao Masasi,
aliyeegemea hapo miaka ishirini na sita
akisikiliza mpira redioni,
kila goli akigonga kisogo,
mpaka mwaka niliomaliza darasa la saba
akafunga sanduku, akaenda kwao,
akidaiwa kodi ya miezi miwili.

Kila mwaka tunampaka chokaa.
Kila mwaka, mvua mbili tatu, unyevu ukipanda,
anarudi polepole katikati ya weupe
kama mtu anayechungulia kama bado kuna nafasi.
Bibi alikuwa akimtazama huku tambuu shavuni:
"Mwacheni. Ana deni langu. Hatoki humu."

Ngwale ana dawa yake. Vanishi mikono miwili,
chokaa juu yake, hutamwona tena mpaka kiama.
Ameshafungua kopo. Ameshachovya brashi.
Nikamwambia aende kwanza akanywe chai.
Akaenda. Nikafunika kopo,
nikapaka pale mimi mwenyewe,
chokaa tupu, mkono mmoja,
mwepesi.

Ndani, mapazia yamefuliwa, yananuka jua.
Sahani za bibi zimerudi kwenye misumari yake,
ile yenye ufa nimeigeuza kidogo, ufa ukae chini.
Ridhaa wa dada yangu, miaka sita,
ameokota majani ya mkungu, mekundu matupu,
ameyachomeka kwenye birika lisilo na mfuniko
akaliweka dirishani. Nilitaka kuuliza kwa nini.
Kisha nikaona jinsi ukuta mpya unavyoyatazama.

Jana usiku imenyesha.
Lami imeshika, kenchi ni kavu, bati limesema
maneno yote niliyoyajua utotoni.
Asubuhi nimetoka na kikombe, nimetazama ukuta wa baraza.
Bado mweupe.
Nimevuta kigoda.