Bolti ya Nane

Nageuza ufunguo, natega sikio.
Jana palikuwa na mlio kule nyuma, sekunde mbili,
mwembamba kama nyuki ndani ya chupa.
Leo hakuna.
Injini inazunguka, inazunguka, haishiki,
na upepo wa Saskachewani unapenya chini ya mlango wa banda
kana kwamba una deni la kudai humu.

Fyuzi nzima. Rilei nzima.
Lorne akaja na nyundo ya mpira na mgongo wake mbovu,
akaligonga tangi mara tatu, kwa adabu,
kama mtu anayebisha hodi kwa wakwe.
Pampu ikaguna. Pikapu ikawaka, ikaenda
hadi lango la ng'ombe, ikafa.
Ndiyo yenyewe, akasema. Imo humo,
imezama katika kile inachokisukuma.

Na tangi nililijaza Jumamosi. Lita mia na ushei.

Hatukulishusha. Tuliinua bodi ya nyuma:
bolti nane. Saba zilitii.
Ya nane ilikuwa imefunga ndoa na kutu
na haikutaka talaka.
Tukaipaka mafuta, tukanywa kahawa, tukairudia.
Ilikatika kwa sauti ya mtu.
Vijana wawili wa jirani wakashika upande mmoja,
mimi na Lorne mwingine (mgongo, mgongo),
tukaitua bodi juu ya matairi ya trekta.

Na hapo, juu ya tangi, chini ya vumbi la mavuno mengi,
rangi nyeupe, herufi za mtu asiyezoea kuandika:

WASYL. NOVEMBA 2004. BARIDI NYUZI 31.
NILISHUSHA TANGI. USIWE MIMI.

Gari hili nililinunua mnadani
kwa mjane aliyekunja mikono, akasema neno moja tu:
linawaka.
Wasyl simjui.
Lakini nilisimama na kitambaa mkononi
nikamwona chali chini ya chuma, theluji shingoni,
petroli ikimtiririkia ndani ya koti mpaka kwapani,
akitukana kwa lugha mbili.

Pete ya tangi tukaizungusha kwa kipande cha shaba,
maana chuma hutoa cheche, na cheche haiombi radhi.
Pampu yake ikatoka ikichuruzika,
chujio jeusi kama masalia ya kahawa,
pini moja ya waya imeungua, rangi ya mkate uliosahaulika.
Miaka yote hiyo. Si haba, Wasyl.

Mpya ikaingia. Mpira mpya, nikaulainisha kwa kidole.
Ufunguo.
Nyuki.
Lorne akavua kofia, kisha akajifanya anajikuna.

Kabla ya kurudisha bodi nikatafuta kopo la rangi,
nikaandika chini ya mwandiko wake, vidole vimekufa ganzi:

DARLENE. OKTOBA. NILIINUA BODI.
BOLTI NI SABA SASA. USIITAFUTE YA NANE.