Dada wa Ukurasa wa Kumi na Tisa

Bwana Hirukawa huchora mpira.
Huchora jasho, mshipa wa shingo, wavu unaotikisika,
na kile kiwiko cha Ryohei kilichokunjwa hewani
kama swali lililokosa subira.
Mimi msaidizi huachiwa mabaki:
viti, taa za ukumbi,
nyuso mia tatu za mashabiki zisizo na pua,
na dada.

Anaitwa Ikuyo. Kifungua mimba.
Nyuma yake wamefuatana wanne:
Ryohei mwenyewe, mapacha wasiokubali kuvaa soksi,
na kitinda mimba, Suzuna,
asiyepata usingizi mpaka ashike sikio la mtu.
Mama yao alifariki katika juzuu ya kwanza,
kisanduku kimoja, maua, basi.
Baba yuko njiani na lori la samaki wa barafu.
Kwa hiyo wali ni wa Ikuyo,
jezi yenye doa la damu ya pua ni ya Ikuyo,
ada, homa, kiatu kilichoachama mdomo,
na kusema “nimeshiba” kabla sufuria halijafika kwake.

Jumanne usiku, siku mbili kabla ya kupeleka kurasa,
Bwana Hirukawa akanyoosha kidole, tambi mdomoni:
“Ukurasa wa kumi na tisa. Mtoe dada.
Nataka nafasi, mpira upasuke hadi pembeni.
Hadithi ni ya mpira.”
Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na njaa.

Nikachukua wino mweupe.
Asiyekuwepo na lake halipo,
nikaanza na nywele,
nikafuta kilemba cha jikoni, nikafuta bega.
Nilipofika mkononi, kalamu ikakataa.

Maana mkono ule sikuubuni.
Ni wa Masae, dada yangu, wa Tsuruoka,
aliyenifunga skafu kwa nguvu hata nikakohoa,
aliyenitia penseli mfukoni badala ya peremende
akasema, hii haiishi upesi.
Shuleni alivaa namba tatu.
Alikuwa yule anayeuinua mpira taratibu, kama anayeweka yai,
ili mwingine aruke, apige, ashangiliwe.
Kisha Februari moja, mama akiwa hospitali,
akarudi mapema, akabandika maharage jikoni.
“Goti linauma,” akasema. “Nimeacha.”
Nilikuwa na miaka tisa. Niliamini.
Nilimkanda goti lile kwa maji moto wiki nzima
naye akaniacha nimkande.

Majira ya baridi yaliyopita nilimwona juu ya paa,
akikokoa theluji kwa sepetu,
akiruka tuta hadi tuta kama mbuzi.

Basi mkono niliuacha.
Umejitokeza pembeni mwa ukurasa, chini ya mpira unaopasuka,
umeshika chakula kilichofungwa kwa kitambaa cha miraba,
na vidole vitatu nikavizungushia plasta
kama wanavyofunga wachezaji.

Bwana Hirukawa aliutazama mpaka chai ikapoa.
“Plasta ya nini? Amejikata kwa kisu?”
“Aliwahi kucheza.”
“Nani kasema?”
Sikujibu. Nje, gari la taka lilipita likipiga muziki wake.
Akavuta karatasi mpya, akanoa penseli,
akauliza bila kuinua uso:
“Namba ngapi?”

Toleo lilipotoka nililituma Tsuruoka.
Masae akapiga simu Jumapili, huku nyuma mashine ya kufulia inanguruma.
Alisema mfuniko wa sufuria nimeuchora kichwa chini.
Alisema Suzuna amekonda, mwongezeeni wali yule mtoto.
Kuhusu mkono hakugusia.
Nikaona nimuulize, baada ya miaka ishirini na mbili:
“Na goti, siku hizi likoje?”

Mashine ikazunguka, ikazunguka, ikatulia.

“Goti gani?” akasema.